Hela ya Bibi siyo feki! (Taji kubwa, taji dogo na zile L za Tabora)

Najua niliahidi kumalizia ile stori ya maji kukatika hosteli siku tatu, lakini hiyo itasubiri. Wiki mbili hizi kichwa changu kimejaa herufi moja tu: L. Chumbani kwangu wameshaanza kuniita Profesa L. Nikikaa nachora L, nikila nachora L kwenye ugali. Naomba niwaeleze ilivyoanza, halafu mtanihukumu wenyewe.

Likizo iliyopita nilikuwa Tabora kwa Bibi, pale Ng'ambo. Paa la chumba cha nyuma limeoza, na baba mdogo akaja na wazo kwamba tuuze "hela za Mjerumani". Bibi ana kopo la majani ya chai analiweka chini ya kitanda, ndani yake mna kitambaa, ndani ya kitambaa mna sarafu tatu kubwa zilizoandikwa 20 HELLER 1916. Alirithi kwa baba mkwe wake. Baba mdogo alikuwa na hakika kwamba zina thamani ya milioni kadhaa kila moja. Mnajua hizi habari za mali za Mjerumani, kila mkoa una shimo lake la hazina na kila kijiwe kina mtaalamu wake.

Akaja bwana mmoja, mnunuzi. Akazipanga mezani, akatoa picha kwenye simu yake, akalinganisha. Ya kwanza akasema nzuri. Ya pili, ile ya shaba nyekundu, akasema imechoka lakini ni yenyewe. Ya tatu akaishika, akatikisa kichwa, akasema: "Mama, hii feki. Angalia taji lake, dogo. Na hizi L siyo hizi. Mwenye kuiga hakuwa makini." Akatoa bei ya huruma kwa zote tatu, kama anatusaidia vile.

Bibi hakusema kitu. Alikusanya sarafu zake, akazifunga. Alipoondoka yule bwana ndipo akaniambia, "Mume wangu, wewe si ndiyo unasoma historia huko? Haya, niambie kama baba mkwe wangu alikuwa mwongo."

Sasa hapo ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilizipiga picha zote pande zote mbili, nikarudi chuo nazo kwenye simu, nikaanza kusoma. Ninachowaandikia hapa ni matokeo ya bumu kuisha kwenye fotokopi.

Tuanze na pesa yenyewe. Mjerumani alipokuja alikuta rupia ya India ndiyo inazunguka pwani yote. Kampuni yao ikaanza kutoa rupia yake mwaka 1890, ikiwa na sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, na pesa za shaba zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 wakabadilisha hesabu, rupia ikagawanywa kwa heller 100. Ndiyo hapo tukapata neno "hela", ambalo mimi na wewe tunalitumia kila siku tukiwa hatuna. Yaani utawala wao ulikwisha zaidi ya miaka mia moja iliyopita ila jina la senti yao bado liko mdomoni.

Heller hizo zilikuwa zinatengenezwa Ujerumani. Ukiona herufi A ndogo kwenye sarafu, imetoka Berlin. Ukiona J, Hamburg. Zinakuja kwa meli zimefungwa vizuri, zote sawasawa kama mapacha.

Agosti 1914 vita ikaanza. Manowari za Kiingereza zikafunga bahari, na sarafu kutoka Ulaya zikawa ndoto. Serikali ilihitaji kulipa askari, kulipa wapagazi, kununua chakula. Wakaanza kuchapa noti za dharura hapahapa nchini, kwa jina la benki ya Deutsch-Ostafrikanische Bank, kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Lakini noti ya karatasi ukimpa mkulima wa wakati ule alikuwa anaiangalia mara mbili (hata mimi ningeiangalia). Watu walitaka kitu cha kushika, kinacholia kikidondoka.

Serikali ya kikoloni ikawa imehamia bara, Tabora ikawa makao yake. Reli ya Kati ilikuwa imefika pale 1912, na reli ina karakana, na karakana ina mashine na mafundi. Basi bwana, mwaka 1916 karakana ya reli Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Zilitoka aina tatu: heller 5 ya shaba ya njano, heller 20 ya shaba nyekundu na ya njano, na rupia 15 ya dhahabu. Zote zina herufi T, yaani Tabora. Nadhani mnaiona uzito wake: A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora yetu.

Inaelezwa kwamba shaba ya njano ilipatikana kwa kuyeyusha maganda ya risasi na ya mizinga. Heller 5 zilipigwa kama laki tatu hivi. Heller 20, ukijumlisha rangi zote mbili, zaidi ya milioni moja na nusu. Hapo baba mdogo ninamwomba radhi, kitu kilichopigwa milioni moja na nusu hakiwezi kuuzwa bei ya gari.

Haya, sasa tuingie kwenye kiini, na hapa naomba umakini kidogo kama uko seminani.

Sarafu inapigwa kwa mihuri miwili. Ninaposema muhuri sina maana ya ule wa ofisi ya mtendaji, ila kanuni ni ileile. Ni kipande cha chuma kigumu kilichochongwa picha, ila imechongwa kinyume, kama unavyoona maandishi kwenye kioo. Muhuri mmoja unakaa chini, mwingine juu, katikati unaweka kidonge cha shaba bapa, halafu mashine inagandamiza kwa nguvu. Shaba inaingia kwenye kila shimo na kila mkwaruzo wa muhuri. Kwa hiyo kilichochimbwa kwenye muhuri kinatokea kimeinuka kwenye sarafu. Shika hiyo, tutairudia.

Kule Berlin walikuwa na muhuri mama. Fundi anachonga picha mara moja tu, halafu ule mama unagandamizwa kwenye vyuma vingine kuzaa mihuri ya kazi, yote inafanana. Muhuri mmoja ukichakaa, unaleta ndugu yake na hakuna atakayejua. Tabora mambo yalikuwa ya mkono. Inaelezwa aliyechonga mihuri ya sarafu ya dhahabu alikuwa sonara Msinhala, mtu wa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Sasa chukua fundi yeyote, hata awe hodari vipi, mwambie achonge taji leo, halafu muhuri upasuke, na wiki ijayo achonge lingine. Hayatafanana. Mwandiko wako wa lekcha ya asubuhi na wa lekcha ya saa kumi jioni unafanana?

Ndiyo maana heller 20 ya Tabora haina sura moja. Wakusanyaji wa sarafu wamezigawa hivi. Upande wa taji kuna familia mbili, taji kubwa na taji dogo. Upande wa thamani, palipoandikwa 20 HELLER, kuna familia tatu, na zote zinatambulika kwa zile L mbili. Angalia ncha ya mguu wa L. Familia ya kwanza, L ya pili peke yake ndiyo imejikunja ncha. Familia ya pili, L zote zina ncha iliyochongoka, hakuna mkunjo. Familia ya tatu, L zote mbili zimejikunja. Hii ya tatu ni adimu kuliko wenzake.

Taji kubwa linaweza kukutana na L za aina moja, taji dogo na aina nyingine, maana mihuri ya juu na ya chini haikuwa inachakaa pamoja. Ukipasuka wa chini, wa juu unabaki kazini na kuoa mwingine. Na hizo ninazoita familia ni familia kweli, siyo muhuri mmoja mmoja. Sarafu milioni moja na nusu haziwezi kutoka kwenye mihuri michache ya kuchonga kwa mkono. Ndani ya kila familia kuna ndugu, na kuwatenganisha ndugu ndiyo kazi inayokula macho.

Heller 5 nayo ina yake. Kitako cha taji, kuna zenye kitako kilichopinda kama yai na zenye kitako kilichonyooka. Bibi hana hiyo, kwa hiyo naipita.

Nilipofika hapo nikarudi kwenye picha za kopo la Bibi, mikono inatetemeka. Ya kwanza: shaba ya njano, taji kubwa, L ya pili imejikunja. Ya shaba nyekundu imesuguliwa sana (kuna mtu kwenye ukoo aliwahi kuing'arisha kwa majivu na ndimu, Mungu amsamehe, hili ni kosa kubwa, msifanye) lakini taji ni kubwa. Ya tatu, ile "feki": shaba ya njano, taji dogo, L zote zimechongoka. Taji dogo ni halali kabisa! Yule bwana alikuwa na picha ya familia moja kwenye simu, akaona mtoto wa familia nyingine akasema siyo wa ukoo. Au alijua vizuri sana na alitaka kuteremsha bei. Siwezi kumsemea.

Nilimpigia Bibi palepale. Shikamoo, marahaba, nikamwambia taji dogo lipo kwenye vitabu. Akauliza, "Kwa hiyo ni ya kweli?" Nikataka kusema ndiyo, nikakwama. Maana kuwepo kwa taji dogo Tabora hakuthibitishi kwamba hili la Bibi lilipigwa Tabora. Mtu anaweza kuiga taji dogo pia. Nikamwambia, "Bibi, nipe wiki moja."

Na hapa ndipo nilipojifunza kutazama.

Kwanza lazima utofautishe alama ya muhuri na majeraha ya maisha. Sarafu imekaa mfukoni, imeangushwa, imetobolewa, imepigiwa bao. Mikwaruzo hiyo yote inazama ndani ya shaba, na kila sarafu ina yake. Lakini muhuri ukipata ufa, shaba inaingia kwenye ule ufa, na kwenye sarafu unatokea mstari uliosimama juu. Ukipitisha kucha unaikwaza. Kwa kifupi, kilichozama ni cha maisha, kilichoinuka ni cha muhuri. (Siyo sheria ya asilimia mia, ila itakutoa mbali.)

Pili, usidanganywe na pigo hafifu. Mashine ikigandamiza kidogo, au kidonge kikiwa chembamba, sehemu za katikati hazijai na taji linaonekana kama limepungua. Hilo siyo taji dogo, ni taji kubwa lililopigwa na mtu aliyechoka. Pima upana wa taji ukilinganisha na herufi zilizo chini yake, usiamini unene wa mistari. Na muhuri uliotumika sana unavimbisha herufi, zinakuwa nene na mviringo, mkunjo wa L unaweza kupotea. Niliwahi kuiweka sarafu moja ya kwenye picha katika familia ya pili, kesho yake kwenye mwanga mwingine nikauona mkunjo. Kwa hiyo mwanga utoke ubavuni, taa iwe chini karibu na meza, siyo juu ya kichwa. Kivuli ndicho kinachosoma.

Tatu, uzito. Nilimwomba baba mdogo azipeleke kwa sonara zipimwe. Zikatoka gramu 9.4, gramu 10.2 na gramu 11.6. Baba mdogo akashtuka, akasema basi zote feki. Hapana. Za Tabora uzito wake unayumba sana, vidonge vilikatwa kwenye mabamba yasiyolingana unene. Heller za Berlin zingeyumba hivyo ningezitilia shaka, lakini hizi zingelingana mno ndiyo ningeshtuka.

Sasa lile jibu lenyewe. Kwenye taji dogo la Bibi, upande wa thamani, kuna uzi mwembamba ulioinuka unaotoka ukingoni upande wa kulia na kuishia karibu kabisa na R ya HELLER. Nilikuwa nimeuona tangu mwanzo nikadhani ni uchafu. Ufa wa muhuri, wadau.

Nikawa nautangaza kwa kila mtu, hadi kwenye foleni ya chakula. Jamaa yangu mmoja tunayesoma naye, mtu wa Kigoma, akasema kwao mjomba wake anayo moja, alipewa na mzee wake. Nikamwambia naomba picha. Siku tatu nikamsumbua. Picha ikaja saa tano usiku, imepigwa vibaya, kidole kimeingia. Lakini L zimechongoka, taji dogo, na pale kulia kuna uzi uleule, unatoka mahali palepale. Ila wa Kigoma haukuishia kwenye R. Unaipasua R, unavuka, unaigusa E.

Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Tafakari kidogo. Njia rahisi ya kughushi sarafu ni kuchukua ya kweli, kuikandika kwenye udongo upate kalibu, kisha kumimina shaba. Ukifanya hivyo unaiga kila kitu, hata ufa. Kwa hiyo sarafu mbili zenye ufa uleule zingeweza kuwa nakala ya mmoja kwa mwingine. Lakini ufa wa hizi mbili unatoka mahali pamoja na haulingani urefu. Wa Bibi ni mfupi, wa Kigoma mrefu. Muhuri ulikuwa unaendelea kupasuka. Wakati sarafu ya Bibi inapigwa ufa ulikuwa haujafika kwenye R. Wakaendelea kugandamiza, pengine sarafu mia, pengine elfu, chuma kikazidi kuachia, na ikatoka ile ya Kigoma. Nakala haikui namna hiyo. Hizi zimetoka tumbo moja, na ya Bibi ndiyo kubwa kuzaliwa.

Halafu nikawaza kitu ambacho sikukiwaza mwanzo. Kuna mtu aliuona ule ufa. Fundi yeyote anayefanya kazi na mashine kila siku anauona. Aliuona na wakaendelea, kwa sababu chuma kizuri hakikuwepo, bahari imefungwa, na jeshi la Kibelgiji kutoka Kongo linakaribia kutokea magharibi. Tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ikachukuliwa na majeshi ya Jenerali Tombeur, na T haikuonekana tena kwenye sarafu yoyote. Nikisoma neno "uchumi wa vita" kwenye nukuu za lekcha huwa nalipita tu. Kwenye ule uzi wa shaba nimelielewa.

Najua kuna mtu anasubiri niongelee dhahabu. Sawa, ila kwa ufupi maana Bibi hana. Rupia 15 ina tai wa Kijerumani upande mmoja, na upande mwingine tembo amenyanyua mkonga, nyuma yake mlima ambao wengi husema ni Kilimanjaro. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, ambao leo uko mkoa wa Singida. Uzito wake gramu 7.168, dhahabu robo tatu. Zilipigwa 16,198 tu. Nilipiga hesabu: ni kama kilo 116 za sarafu, dhahabu tupu kilo 87 hivi. Nayo ina mihuri miwili inayojulikana, na tofauti yake ni ndogo ya kuchekesha. Upande wa tai kuna nakshi ya maua, na ncha yake ya kulia kwenye sarafu 9,803 inaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, na kwenye 6,395 zilizobaki inaishia chini ya A inayofuata. Herufi moja tu pembeni. Mtu akikuletea "tembo wa Mjerumani" stendi, mwulize ncha iko chini ya T au chini ya A. Akikuuliza ncha gani, rudisha pochi yako mfukoni. Na pima. Nyingi za mitaani ni shaba iliyopakwa rangi, na dhahabu ni nzito, mizani ya sonara haioni aibu.

Turudi Ng'ambo. Juzi nilimpigia Bibi nikamweleza yote, habari ya ufa, ya Kigoma, ya mkubwa na mdogo. Alisikiliza kimya, nikadhani laini imekatika. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Kwamba baba mkwe wake alipokuwa akiitoa ile sarafu alikuwa na tabia ya kupitisha kucha ya kidole gumba pale pembeni, palepale, huku anaongea mambo mengine. Walidhani ni mazoea ya uzee tu.

Yule mnunuzi amerudi kwa baba mdogo mara mbili, na safari hii "feki" anaitaka kuliko zote. Wamekubaliana kumuuzia taji kubwa ya njano peke yake, hiyo ina ndugu wengi duniani. Bei iliyopatikana imetosha bati tatu na misumari, siyo milioni, na chumba cha nyuma sasa hakivuji upande wa kitanda. Ile nyekundu iliyoonja ndimu na ile yenye ufa zimerudi kwenye kopo, kila moja na kitambaa chake ili zisisuguane.

Kabla ya kukata simu Bibi akaniuliza, sauti ya chini kabisa kama anaogopa baba mdogo asisikie: "Mume wangu, huyo mjomba wa Kigoma, hauzi?"